Pampu ya Pistoni na Maji ya Rubondo: Kipimo Kidogo Chenye Dhamana Kubwa

Rubondo ni mojawapo ya sehemu tatu kubwa za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na Juru na Base Camp. Makazi hayo yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wanaishi humo zaidi ya watu 100,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Watu hao wanatofautiana kwa lugha na kwa mapishi, lakini wote wanahitaji maji, na chanzo kikuu cha maji yao ni ziwa Nakivale.

Maji ya ziwa hayanyweki yalivyo. Hutiwa shabu ili matope yashikamane na kutua chini, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Kazi ya kutia klorini ndiyo ya mwisho, na ndiyo iliyo ndogo kuliko zote kwa macho. Katika makala hii twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya chombo kiwezacho kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu: pampu ndogo ya pistoni, iendeshwayo kwa mota, itoayo dawa kwa kipimo kilichoamriwa, bila kuzidisha wala kupunguza.

Huenda msomaji akauliza, askari ana nini na pampu? Jibu ni kwamba askari huishi kambini, na kambi ni mji. Polisi husimamia utulivu pale foleni ya madumu inapokuwa ndefu bombani. Tena miongoni mwa wasomaji wetu wamo madereva na mafundi wa magari, ambao tayari wanaijua pampu hii kwa jina jingine, kama tutakavyoona.

ADUI ASIYEONEKANA

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, mashariki mwa Kongo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji yalikuwako tele katika ziwa Kivu. Maji salama ndiyo yaliyokosekana. Hapa Uganda nako, Februari 2018, kipindupindu kiliwazukia wakimbizi waliovuka ziwa Albert na kupelekwa Kyangwali, wilayani Hoima wakati ule, na makumi ya watu wakapoteza maisha.

Majeshi yalilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Kiingereza nchini India, Vincent Nesfield, aliandika juu ya kutumia klorini kusafisha maji ya askari. Mwaka 1910 Meja Carl Darnall wa jeshi la Marekani alionyesha namna ya kutumia klorini iliyogandamizwa hata ikawa majimaji. Mwenzake, Meja William Lyster, akabuni mfuko wa turubai wa kutundikwa kambini, ambao maji yake hutiwa unga wa klorini na kuachwa kwa muda kabla ya kunywewa. Wote watatu walikuwa wanajeshi, na wote walipambana na swali lile lile: kiasi gani?

HESABU YA SAA MOJA

Tuchukue mfano wa mtambo utoao lita 20,000 za maji kwa saa. Kipimo kinachokubaliwa na mashirika yanayohudumia wakimbizi ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Basi kila saa moja ya mtambo huo ni maji ya siku nzima ya watu 1,000. Saa moja ya kipimo kibovu ni hatari kwa watu 1,000.

Tuseme vipimo vimeonyesha kwamba maji ya siku hiyo yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Kwa lita 20,000 tunahitaji gramu 40 kwa saa. Dawa huchanganywa kwanza katika pipa kwa nguvu ya asilimia 1, yaani gramu 10 za klorini katika kila lita. Kwa hiyo pampu itoe lita 4 kwa saa, ambazo ni karibu mililita 67 kwa dakika. Pipa la lita 100 litadumu saa 25, na kulitengeneza kwahitaji kama kilo moja na nusu ya unga wenye klorini asilimia 65.

Pampu ikitoa nusu ya kiasi hicho, vijidudu vitabaki hai. Ikitoa maradufu, maji yatanuka dawa. Wananchi watayakataa, nao watarudi ziwani na madumu yao. Kwa hiyo kuzidisha nako huleta ugonjwa, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki majini, baada ya angalau nusu saa, isipungue miligramu 0.5 kwa lita, na pale mtu anapochotea isipungue 0.2, wala isivuke 5. Masalio hayo ndiyo mlinzi anayeendelea kusimama lindo ndani ya dumu hata usiku.

BOMBA LA SINDANO NA PAMPU YA DIZELI

Kila aliyewahi kudungwa sindano amekwisha kuiona pampu ya pistoni. Daktari akivuta mti wa bomba, dawa huingia. Akisukuma, dawa hutoka. Kiasi kitokacho ni eneo la uso wa pistoni mara urefu wa mwendo wake. Hayo ndiyo maarifa yote. Yaliyosalia ni ufundi wa kuyatekeleza mara elfu kumi na tano kwa siku bila kukosea.

Madereva wetu wanaiona kila siku chini ya boneti. Pampu ya dizeli ya lori ni safu ya pistoni nyembamba, kila moja ikipeleka tone lake kwenye nozeli kwa kipimo na kwa wakati. Kiwanda cha Bosch cha Ujerumani kilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Fundi ajuaye kwa nini pampu ya dizeli iliyoingia hewa haiwashi gari, amekwisha kuijua nusu ya somo letu.

Kwa mfano wetu, pistoni yenye kipenyo cha milimita 20 inayokwenda milimita 20 husukuma kiasi cha mililita 6.3. Ili kupata mililita 67 kwa dakika, yatosha misukumo kati ya 10 na 11. Huo ni mwendo wa polepole, na upole huo una faida.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA UBUNIFU

La kwanza ni umbo. Tuseme pistoni husimama mahali pasipo sahihi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Katika mwendo wa milimita 20, kosa hilo ni nusu ya asilimia tu. Katika mwendo wa milimita 2, kosa lile lile ni asilimia 5. Kwa hiyo mbunifu mwenye busara huchagua silinda nyembamba yenye mwendo mrefu, badala ya silinda pana yenye mwendo mfupi.

La pili ni mota. Zipo mota za kawaida zinazozunguka mfululizo na kuisukuma pistoni kwa gia na mkono wa kombo. Zipo pia mota za hatua, ambazo mzunguko wake mmoja hugawanywa, kwa kawaida, katika hatua 200. Mota hiyo ikizungusha skrubu inayosogea milimita 2 kwa mzunguko, kila hatua ni sehemu ya mia ya milimita. Kwa pistoni yetu, hatua moja hutoa kama mililita 0.003, ilhali tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Twaweza kusema kwamba mota hiyo huligawa tone moja mafungu kumi na sita.

Lakini wasomaji wasidanganyike na hesabu hiyo. Skrubu iliyolegea hupoteza hatua kadhaa kila pistoni inapogeuka. Vali nazo huchelewa kufunga, na dawa kidogo hurudi ilikotoka. Mota iwe na ustadi wa namna gani, kipimo hutegemea kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwa kawaida kiungo hicho ni vali.

La tatu, basi, ni vali. Pampu ina vali mbili za njia moja, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Mara nyingi ni gololi ya kauri au ya kioo iliyokalia kiti chake. Unga wa klorini huacha chengachenga ndani ya pipa. Chenga moja ikikaa chini ya gololi, vali haifungi. Dawa ya shida hiyo ni ya bei ndogo: mchanganyiko uachwe utulie, maji meupe ya juu yavutwe peke yake, na mdomo wa mpira wa kuvutia uwekwe juu kidogo ya kitako cha pipa, ukiwa na chujio.

La nne ni hewa. Majimaji hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Povu likiingia silindani, pistoni huenda na kurudi ikiliminya na kuliachia, na hakuna dawa itokayo. Mota inaunguruma, mlinzi anaridhika, na maji yanapita bila dawa. Klorini ya majimaji, hasa katika joto, hutoa gesi yenyewe. Kwa sababu hiyo pampu iwekwe chini ya usawa wa pipa, ikae kivulini, na iwe na tundu la kutolea hewa.

La tano ni mata. Klorini hula chuma na shaba. Silinda ya kauri, vichwa vya plastiki ngumu na sili za mpira maalumu usioliwa na dawa ndivyo vinavyofaa. Mpira wa kawaida hukauka na kupasuka.

La sita ni utii. Pampu ndogo ifuate pampu kubwa. Mita ya maji ikipeleka ishara kwa mota kila lita kadhaa zinapopita, basi maji yakipungua dawa nayo hupungua, na maji yakisimama dawa husimama. Bila utaratibu huo, umeme ukikatika upande mmoja tu, bomba litajaa dawa tupu, au maji matupu.

KUPIMA NI KAZI YA KILA SIKU

Hakuna pampu inayostahili kuaminiwa kwa maneno. Njia ya kuijaribu ni nyepesi: mpira wa kuvutia dawa hutiwa katika chupa yenye alama za mililita, saa huangaliwa, na baada ya dakika moja husomwa kiasi kilichovutwa. Ikiwa ilipaswa kuvuta mililita 67 na imevuta 60, kuna sili iliyochakaa, vali chafu au hewa. Kisha huko bombani maji hutiwa kidonge cha kupimia, nayo hugeuka rangi ya waridi kwa kadiri ya klorini iliyomo. Rangi hiyo hulinganishwa na kadi.

Mvua ikinyesha na ziwa likichafuka, matope huila klorini, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Pampu haina akili ya kulijua hilo. Yeye mtunzaji ndiye mwenye kupima, kuamua na kuandika daftarini.

NANI AITENGENEZE?

Pampu za namna hii huuzwa na viwanda vya nchi za mbali, nazo ni nzuri. Lakini pampu nzuri ambayo sili yake haipatikani nchini ni chuma kilicholala. Sisi twaona kwamba pampu ifaayo Rubondo ni ile ambayo fundi wa Mbarara anaweza kuifungua asubuhi na kuirudisha kazini kabla ya jioni, hata kama kosa lake ni asilimia 2 badala ya nusu. Kosa la asilimia 2 halimdhuru mtu. Juma moja bila pampu laweza kuua.

Nguvu za kufanya hivyo zipo. Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989. Ina gereji zenye mafundi wa pampu za dizeli. Tena ni mji wa maziwa. Mashine za kujaza majimaji katika pakiti na chupa hutumia pistoni zile zile, na hospitalini mota na skrubu husukuma bomba la sindano ili dawa imwingie mgonjwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kijana akijifunza ufundi huu kwa ajili ya maziwa, ameujua pia kwa ajili ya klorini na kwa ajili ya mgonjwa.

Kwenu ninyi askari, ombi letu ni dogo. Mkipangiwa lindo kwenye tangi la maji, msiishie kusikiliza mota. Ulizeni daftari la vipimo liko wapi, na mstari wa mwisho uliandikwa lini. Bunduki hukaguliwa kila siku hata kama hakuna vita. Chombo kilindacho watu 1,000 kwa kila saa kinastahili heshima hiyo hiyo.