Tulishinda, Walishindwa

Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakikubali kutamkwa bila mwenyewe. Kabla shabiki hajatueleza yaliyoipata timu ya shule yake, sharti achague kiambishi: tu-, wa- au i-. Tulishinda. Walishindwa. Timu ilizembea. Silabi hiyo moja ya mwanzo yatosha kumjulisha msikilizaji ni nani aliye tayari kuhesabiwa pamoja na wachezaji na ni nani aliyekwisha kujiondokea. Wanafunzi wangu wa isimu hucheka nilitajapo jambo hili darasani, maana wao wenyewe hulitenda kila Jumatatu.

Nililipatia nafasi ya kulichunguza mbali na kwetu, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, nilikokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Huko mpira wa vikapu wa shule za upili si jambo la wanafunzi peke yao. Mji wa New Castle ulijijengea mnamo 1959 ukumbi wa shule wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 9,000. Mwaka 1990 watu 41,046 walifurika jijini Indianapolis kutazama fainali ya jimbo, na waliokuwa wakicheza ni watoto wa shule! Mimi niliyezoea kutazama vikapu nikiwa nimesimama juani kando ya uwanja wa saruji, tarakimu hiyo niliisoma mara mbili.

Msimu wa wavulana huanza mwishoni mwa Novemba, na mjadala nao huanza papo hapo. Katika mkahawa mmoja wa mji mdogo kusini mwa jimbo hilo, wazee walikutana alfajiri kwa kahawa na mayai, wakaiweka timu ya shule yao mezani. Timu imecheza mara tatu, imeshinda mara moja. Je, kocha amekwisha? Mbona ampe namba mtoto wa mwaka wa kwanza ilhali wa mwaka wa nne ameketi benchini? Mmoja hutetea: nusu ya vijana wamechelewa kuanza mazoezi kwa sababu timu ya kandanda ya Kimarekani ilisonga mbele hadi wiki za mwisho za Novemba, na mtu aliyekuwa akigongana vifua juzi hawezi leo kuwa na mkono mwepesi wa kulenga kikapu. Mwingine huulaumu mtupo wa pointi tatu, ulioingizwa katika michezo ya shule mwaka 1987, ati ndio uliowafanya vijana wasahau kupasiana. Kelele, vicheko, kahawa tena.

Sasa lisikilize hili, msomaji. Katika Indiana kila shule huingia katika mashindano ya jimbo, hata ile iliyopigwa msimu mzima. Mechi tatu za Novemba hazimtoi mtu mashindanoni. Wazee wale walilijua hilo kuliko mimi, na bado walibishana kana kwamba kesho ni kiyama. Walikuwa wakibishania nini, basi?

Nilianza kusikiliza nafsi za vitenzi vyao. Asubuhi baada ya ushindi walisema "sisi": tuliwabana, tuliwakimbiza. Asubuhi baada ya kushindwa nafsi iligeuka, wakawa "wale vijana", au "vijana wake", yaani wa kocha, kana kwamba kocha aliwazaa wote. Wala si uvumbuzi wangu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani, wakaonyesha kwamba wanafunzi walivaa mavazi yenye jina la chuo kwa wingi zaidi Jumatatu iliyofuata ushindi wa timu yao ya kandanda, na kwamba walipohojiwa kwa simu walipenda kusema "sisi" walipoisimulia mechi ya ushindi kuliko ile ya kushindwa. Nadhani mjadala wa mwanzo wa msimu ni mashauriano ya watu wazima kuhusu kama mwaka huu inafaa kusema "sisi". Wanaopimwa ni vijana wa miaka kumi na sita, ambao wengine sauti zao bado zinavunjika.

Umbali wa wakati hulainisha mambo. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161 tu, iliishinda Muncie Central, yenye zaidi ya 1,600, kwa pointi 32 kwa 30. Mchezaji Bobby Plump aliushika mpira zaidi ya dakika nne bila kutupa, kisha akafunga katika sekunde za mwisho kabisa. Leo Indiana nzima husema "sisi" kuhusu Milan, hata waliozaliwa baadaye sana.

Mwaka uliofuata, mwaka 1955, bingwa alikuwa shule ya Crispus Attucks ya Indianapolis. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1927 ili watoto weusi wasisome pamoja na weupe. Ikiongozwa na kijana Oscar Robertson, ilikuwa shule ya kwanza ya jiji hilo kutwaa kombe la jimbo. Ilikuwa desturi mabingwa washerehekee katikati ya jiji. Msafara wa Attucks uliuzunguka mnara wa katikati, kisha ukaelekezwa kwenye bustani iliyo katika mtaa wa watu weusi, wakasherehekee huko. Robertson alibaki na uchungu huo maishani. Utafiti wa Cialdini haumfafanui mtu huyu: alishinda, na bado jiji lake lilimwita "wale".

Kwetu msimu ni mfupi zaidi. Kwa miaka mingi mpira wa vikapu umekuwa miongoni mwa michezo ya muhula wa kwanza, na timu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, eneo na taifa. Anayeteleza mapema hurudi bwenini. Tena neno letu lina ukatili wake: "walishindwa" ni kusema kwamba walizidiwa na wengine, na pia ni kusema kwamba hawakuweza. Aliyepambana hadi filimbi ya mwisho na aliyelegea tangu mwanzo huingia katika kitenzi kimoja.

Nami siwazungumzii mashabiki wa vikapu tu. Matokeo ya KCSE yakitoka na alama ya wastani ikiwa imepanda, utamsikia mwalimu gwarideni: "Tumefanya vyema." Ikiteremka: "Walifeli. Lile lilikuwa darasa gumu." Simcheki mwalimu huyo. Mtu anayepimwa kwa alama za watu wengine ana sababu ya kutafuta ngao, na wazazi wenye maswali wamo njiani kuja ofisini. Lakini mbele yake wamesimama wanafunzi ambao zamu yao haijafika. Mtihani wao uko mbali kama Machi ilivyo mbali na Novemba, na tayari majilisi imekwisha kuwajadili: hawa ni wazuri, hawa si kitu. Wanasikiliza kiambishi kwa makini kuliko wanavyosikiliza nasaha, na wanafahamu watakavyotajwa siku mambo yakienda kombo.

Mtu mmoja tu hana ruhusa ya kubadilisha nafsi. Nimewasikiliza vijana wa shule zetu wakitoka uwanjani baada ya kuzidiwa kwa pointi thelathini, viatu mkononi, wakiulizwa na wenzao langoni matokeo yalikuwaje. Husema "tulishindwa", na husema hivyo hata yule ambaye hakuinuka benchini mchana kutwa.