Dawa Moja, Watoto Wawili: Pumu Si Kipimo cha Imani



Hapa Munigi tunaishi chini ya Nyiragongo. Tunavuta vumbi la mawe ya volkano, moshi wa makala na, siku nyingine, gesi ya mlima. Mwenye pumu, ambayo wengi wetu tunaiita asma, huteseka zaidi. Lakini kuna mzigo mwingine ambao sisi wenyewe tunamtwika mama wa mtoto mgonjwa: "Mtoto wa jirani alipata nafuu kwa dawa ileile. Wako ana nini?" Kisha tunaanza kutafuta mchawi, dhambi au imani ndogo.

Tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Katika pumu, njia za hewa huvimba kwa ndani na misuli yake hubana. Kwa hiyo kuna dawa za aina mbili. Salbutamoli hulegeza misuli upesi wakati wa shambulio. Dawa ya kuzuia, kama beklometasoni, hupunguza uvimbe polepole, nayo huvutwa kila siku hata mtu akijisikia vizuri.

Salbutamoli hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo juu ya misuli ya njia za hewa, kama ufunguo katika kufuli. Kufuli hiyo hujengwa kwa maagizo ya jeni tuliyorithi kwa baba na mama, na maagizo hayo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Jeni nyingine nyingi nazo huchangia. Ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitikia dawa moja kwa namna mbili.

Je, kabila au rangi inatuambia dawa ipi itafaa? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu Weusi ambao dozi ndogo ya dawa ya kuzuia haikuwatosha. Karibu nusu ya watoto walisaidiwa zaidi na kuongezewa dozi, na karibu nusu na kuongezewa dawa ya pili ya kulegeza misuli. Kiasi cha asili ya Kiafrika katika jeni zao hakikuonyesha nani angefaidika na nini. Mpaka leo madaktari hawachagui dawa ya pumu kwa kupima jeni. Wanajaribu, wanafuatilia, wanabadilisha.

Basi tufanye nini? Dawa isipofaa, turudi kwenye kituo cha afya. Tumwonyeshe muuguzi jinsi mtoto anavyoivuta, maana mara nyingi kosa liko hapo. Tusiazimane dawa, wala tusiache ya kuzuia kwa sababu ya maombi. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, tumpeleke hospitali mara moja, tukiomba njiani.

Timoteo aliugua mara kwa mara. Paulo hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimshauri juu ya tumbo lake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mama anayekesha na mtoto asiyepumua vizuri anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa daktari, si hakimu.

Mungu atujalie kubebeana mizigo. Amina.