Je, Wajua? Basco, Mji Unaotajwa Kila Kimbunga

Je, wajua kwamba Mfilipino anaweza kuzeeka bila kukanyaga Basco, na bado akalijua jina la mji huo tangu utotoni? Amelisikia redioni. Msimu wa vimbunga ukiingia, mtangazaji wa hali ya hewa akitaka kueleza dhoruba iko wapi baharini, mara nyingi huipima kwa kilomita kutoka Basco, Batanes. Kimbunga kikishapita, jina nalo hunyamaza mpaka kije kingine. Kwa mji wenye mambo mengi kiasi hiki, huko ni kuonewa. Kwa hiyo safu ya leo yote ni yake.

Je, wajua uko wapi? Basco ni makao makuu ya Batanes, mkoa wa mwisho kabisa kaskazini mwa Ufilipino. Manila iko takriban kilomita 650 kusini yake, na ncha ya Taiwan takriban kilomita 200 kaskazini. Mavulis, kisiwa cha mwisho cha mkoa huo, kiko karibu zaidi na Taiwan kuliko na Luzon, kisiwa kikubwa chenye Manila.

Je, wajua kwamba Batanes ndio mkoa mdogo kuliko yote nchini, kwa eneo na kwa idadi ya watu? Una kilomita za mraba 219 hivi. Unguja peke yake ingetosha mikoa saba ya namna hiyo. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu 18,831, na kati yao 9,517 walikuwa Basco. Visiwa ni 10, ila vinavyokaliwa ni vitatu tu: Batan, kilichobeba Basco, kisha Sabtang na Itbayat.

Je, wajua kwamba jina Basco limetoka mbali? Wenyeji ni Waivatan, na mahali hapo walipaita Vasay. José Basco y Vargas alikuwa gavana mkuu wa Kihispania mjini Manila kuanzia 1778 hadi 1787. Wahispania walikuwa wameishi Ufilipino zaidi ya miaka 200 kabla ya kuvitia visiwa hivi mkononi. Ni tarehe 26 Juni 1783 ndipo walipotangaza kuvitawala. Gavana akatuzwa cheo cha ukabaila kwa kazi hiyo, na mji ukapewa jina lake. Mpaka leo 26 Juni ni Siku ya Batanes.

Je, wajua kwamba wako waliokataa? Kisiwani Sabtang alikuwapo kiongozi aliyeitwa Aman Dangat. Jina hili halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili: maana yake ni Baba Dangat, kwa desturi ileile ya kumwita mtu kwa jina la mwanawe. Watu wa serikali walikuwa wakichukua mbao na vyakula vya wenyeji bila kulipa. Aman Dangat akasimama, damu ikamwagika, na mwaka 1791 akakamatwa na kunyongwa. Watu wake wakahamishwa kwa nguvu hadi kisiwa cha Batan. Laiti ningeulizwa, jina la kukumbukwa ningelichagua hili kabla ya lile la gavana.

Je, wajua kwamba karibu miaka 100 kabla ya hapo alipita haramia akawasifu? William Dampier, baharia Mwingereza, alifika mwaka 1687. Aliona vijiji vimepandishwa juu ya majabali, safu ya nyumba juu ya safu nyingine, na kati ya safu na safu pana ngazi ambayo ikivutwa juu adui hana njia. Ngome hizo za miamba Waivatan huziita idjang. Dhoruba iliisukuma meli ya Dampier baharini kwa siku kadhaa ikawaacha mabaharia sita pwani. Meli iliporudi, iliwakuta wazima na wametunzwa vizuri na wanakijiji. Mabaharia hao ndio walioviita visiwa hivyo Bashee, kwa kinywaji cha miwa walichokaribishwa. Kinywaji chenyewe bado kipo, na Waivatan hukiita palek.

Je, wajua nini kilichoijenga nyumba ya Kiivatan? Upepo. Kuta ni za mawe, mengine ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake hukaribia mita moja. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe angeupapasa ukuta ule na kuutambua, ingawa ufundi wa chokaa ulifika Batanes na Wahispania. Paa ni la nyasi, tabaka juu ya tabaka, zimekandamizwa hadi paa lenyewe likawa nene kama godoro. Madirisha ni madogo, na upande mmoja wa nyumba hauna dirisha hata moja: ule unaopokea upepo mkali. Kimbunga kikitangazwa, paa hufunikwa wavu wa kamba nene, na kamba zikafungwa chini kwenye mawe. Katika mji jirani wa Ivana ipo Nyumba ya Dakay, ya mwaka 1887, ambayo imevipita vimbunga visivyo na hesabu.

Lakini ukuta uliojengwa kwa ajili ya upepo hauijui ardhi inayotikisika. Alfajiri ya 27 Julai 2019, watu wakiwa bado wamelala, Itbayat ilipigwa na matetemeko mawili, la kipimo cha 5.4 na la 5.9, yakifuatana kwa saa chache. Mawe yaleyale yaliyokuwa kinga yaliwaangukia wenye nyumba. Watu 9 walikufa, na mnara wa kengele wa kanisa la Santa Maria de Mayan ukaporomoka. Tangu hapo swali la namna ya kujenga upya, kwa mawe au kwa saruji na nondo, si la wasanifu peke yao. Ni la kila familia yenye ukuta wa babu.

Je, wajua kwamba Waivatan wana msaragambo wao? Huuita yaru: kijiji kizima hutoka kwa kazi moja, iwe njia, iwe paa la jirani. Paa la nyasi halishonwi na mtu mmoja.

Je, wajua kwamba mkindu unao ndugu Batanes? Mti huo huitwa voyavoy, nao ni wa jamii moja na mkindu wetu wa kusukia mikeka. Majani yake huchanwa na kupondwa mpaka yawe nyuzi laini, kisha hufumwa vakul: vazi la kichwani la wanawake, refu kama nywele zilizofumuliwa, linalofunika kichwa na kushuka mgongoni. Mkulima akiinama kupalilia magimbi, jua halimchomi na mvua haimlowanishi. Wanaume nao huvaa kizibao cha majani hayohayo, kanayi. Kwa mbali, mwanamke aliyevaa vakul hudhaniwa amejitwika tita la majani. Ukimkaribia ndipo unapouona ufumaji, ni wa subira kweli.

Je, wajua wanakula nini? Vyakula vya msingi ni vya ardhini, ambavyo kimbunga hakiving'oi: viazi vikuu, magimbi na viazi vitamu. Wali wao wa sherehe, supas, hupikwa kwa manjano. Mabua ya magimbi hukaushwa na kuwa vunes, kitoweo cha akiba. Kiini cha kitako cha mgomba hukunwa, kikachanganywa na nyama au samaki, kikafinyangwa viduara viitwavyo uvud. Yuko pia kaa wa nazi, tatus, kiumbe yuleyule anayelindwa kwenye kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja.

Je, wajua kwamba fulusi wa Batanes huvuliwa kwa samaki mwingine aliye hai? Hapa naomba tukae kidogo. Katika kijiji cha Diura, mji wa Mahatao, kusini tu ya Basco, wapo wavuvi waitwao mataw. Msimu wao ni kuanzia Machi hadi Mei, bahari inapotulia. Haufunguliwi hivihivi: hufanywa tambiko bandarini, nguruwe akachinjwa, na viungo vyake vya ndani vikasomwa ishara za mwaka. Kisha kila mvuvi hutoka na mtumbwi wake. Kwanza humvua panzi, samaki arukaye juu ya maji, ambaye kwao ni dibang. Panzi huyo, angali mzima, ndiye hugeuzwa chambo cha fulusi, arayu. Fulusi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani kwa safu, nyekundu na ndefu kama nguo kwenye kamba. Hiyo ndiyo akiba ya miezi ya upepo wa kaskazini-mashariki, amihan, wakati bahari imefungwa na meli ya mizigo kutoka Luzon haina hakika ya kufika. Wavuvi wa pwani yetu wanaohesabu mwaka kwa kaskazi na kusi wanajua miezi hiyo ina uzito gani.

Je, wajua kwamba boti ya Kiivatan haina matengo? Mahali pengi Ufilipino chombo kidogo hakiendi bila mbawa zake mbili za mianzi. Faluwa ya Batanes haina. Imeumbwa nene, tumbo la mviringo, ipande na kushuka na mawimbi makubwa ya njia ya Ivana na Sabtang. Na hapo ndipo linapokuja jambo linalonigusa: ngalawa yetu ya Mafia na Kilwa ina matengo mawili, na wataalamu wengi wa vyombo vya baharini wanaamini ufundi huo uliletwa magharibi mwa Bahari ya Hindi na watu wa asili moja na Waivatan, wale waliofika hadi Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Kiivatan na Kimalagasi ni lugha za ukoo mmoja. Jiwe ni vato huku na vato kule. Saba kwa Kiivatan ni pito, kwa Kimalagasi fito. Wasomi wengi wa historia ya watu hao husema mababu walitoka Taiwan kwenda kusini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na visiwa vya Batanes viko palepale kwenye mlango wa safari hiyo. Kisiwani Itbayat wachimbuaji wamekuta mabaki ya kazi ya vito vya kijani ambavyo jiwe lake lilitoka Taiwan.

Je, wajua mlima wa Basco ni volkano? Unaitwa Iraya, una mita 1,009, na uwanja wa ndege wa mji umelala miguuni pake, njia ya kurukia ikiwa imeinama kidogo kufuata mteremko. Ulilipuka mara ya mwisho katikati ya karne ya 15. Miamba uliyoimwaga ndiyo leo imejaza ufuko wa Valugan, mashariki mwa mji: mawe makubwa ya mviringo yaliyosuguliwa na bahari mpaka yakang'aa, bila mchanga. Wimbi likirudi nyuma, mawe hugongana, na mngurumo wake husikika kabla hujaiona bahari.

Je, wajua kwamba pikipiki za magurudumu matatu za Basco nyingine zimeezekwa nyasi, kama nyumba?

Je, wajua kwamba kwenye kona kali za barabara ya kisiwa, majabalini, yameandikwa kwa rangi maneno ya kumtaka dereva apige honi? Upande mmoja mlima, upande wa pili bahari, na anayekuja humwoni.

Je, wajua kwamba mashamba hayana uzio wa waya bali wa matete na miti, iliyopandwa kwa mistari vilimani? Kazi yake ni kuuvunja upepo. Ukitazama kutoka Naidi, kilima chenye mnara wa taa wa ghorofa sita uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima huonekana kama imeshonwa viraka.

Je, wajua kwamba wanajeshi wa Japani waliikanyaga ardhi ya Ufilipino kwa mara ya kwanza hapa? Ilikuwa 8 Desemba 1941, saa chache tu baada ya shambulio la Pearl Harbor, ambako kalenda ilikuwa bado tarehe 7. Walitaka uwanja wa ndege wa Basco. Karibu na mji, Dipnaysupuan, bado yapo mahandaki yao, yaliyochimbwa kwa mikono ya Waivatan waliolazimishwa.

Je, wajua kwamba Ivana pana duka lisilo na muuzaji? Lilifunguliwa mwaka 1995 na mwalimu mstaafu, karibu na gati ambako wasafiri na wavuvi huondoka alfajiri. Bei zimeandikwa. Unachukua kahawa au biskuti, unaandika daftarini, unaweka pesa kisandukuni, unakwenda zako.

Je, wajua kwamba mmoja wa wachoraji wakubwa wa Ufilipino ni mtoto wa Basco? Pacita Abad alizaliwa hapo 1946. Kazi yake ilikuwa turubai iliyoshonwa kwa sindano na kujazwa pamba ndani, ikaota mabonde na vilima, kisha ikapambwa kwa kauri, vifungo, shanga na vipande vya vioo alivyookota kila alikoishi: Sudan, Bangladesh, Indonesia na kwingineko. Mwaka 1984 alipewa tuzo ya taifa ambayo hadi hapo ilikuwa ya wanaume vijana peke yao, na kulikuwa na waliokasirika waziwazi. Mwanzoni mwa 2004, akiwa anaugua saratani, alilipaka rangi nyingi daraja la Alkaff la Singapore, linaloitwa kwa jina la ukoo wa Kihadhrami. Desemba mwaka huohuo akafariki. Walimrudisha kwao, wakamzika Tukon, kilimani juu ya Basco, kando ya nyumba ya mawe aliyokuwa akichorea, madirisha yake yakiitazama bahari.