Undugu Si Kipimo cha Damu

Swali halichoki kuulizwa, liwe limetoka Lumemo, Kibaoni au Mlimba: kwa nini mgonjwa wetu aongezewe damu ya mtu tusiyemjua, na kaka yake yupo hapa nje, mzima wa afya? Kumjua mtu jina, ukoo na shamba lake si kujua kilichomo katika damu yake. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wachangiaji damu 1,599 wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambao karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa wamekuja kurudishia damu ya mgonjwa wao. Asilimia 3.8 ya wachangiaji wote walikuwa na VVU, asilimia 8.8 homa ya ini B, na asilimia 4.7 kaswende. Hao walipita mlangoni kwa miguu yao, wakionekana wazima.

Mtasema maabara itapima. Itapima: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Lakini aliyeambukizwa wiki moja iliyopita anaweza kupita bila kipimo kumwona, na chupa yenye VVU humwambukiza anayeongezewa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Kwa siku hizo kinga iliyobaki ni ukweli wa mchangiaji anapoulizwa maswali ya faragha kabla ya sindano, na hapo ndipo undugu unapodhuru. Kaka aliyeletwa na wajomba, mama mkwe akisubiri nje, ataanzaje kukiri kwamba juzi alilala na mtu bila kondomu? Atakana, kisha atanyoosha mkono. Mchangiaji wa hiari hana wa kumwonea haya. Akijitilia shaka anabaki nyumbani, na akizoea kuchangia anapimwa tena na tena. Ni kweli, wapo wa hiari wanaokuja ili wapimwe ukimwi bure. Wasije kwa nia hiyo. Upimaji ni bure kwenye vituo vya afya, na huko hakuna mgonjwa atakayebeba gharama ya jibu lililochelewa. Tena damu ya mzazi au ndugu wa tumbo moja ina hatari yake: kwa kufanana mno, chembe nyeupe zake zinaweza kupokelewa mwilini kisha zikaushambulia mwili huo. Ni nadra, lakini anayepatwa kwa kawaida hufa.

Basi fanyeni hivi. Mwenye miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi aende benki ya damu, mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Sindano ni mpya, hutumika mara moja, haiambukizi mchangiaji. Damu haiuzwi, msimlipe mtu. Na msisubiri simu kutoka wodi ya wazazi, kwa kuwa mama anayevuja damu hawezi kungoja kaka atafutwe, achunguzwe na kupimwa. Damu nzima hukaa kwenye friji siku 35 tu. Iliyotolewa Januari haitamfikia mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria mwezi Aprili, kwa hiyo aliyechangia Januari aje tena masika.