Je, Wajua? Roboti Isiyojua Thamani ya Majani

Umeshaiona kwenye simu: kimashine bapa kinatambaa bustanini kama kobe, hakina mtu nyuma, hakili petroli, kikichoka kinarudi chenyewe kuchaji. Wengi wameanza kukitamani. Kabla hujaagiza kimoja kipandishwe basi hadi Mpui, huku kwetu Ufipa mkoani Rukwa, pitia haya.

Je, wajua mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa mwaka 1830 na fundi Mwingereza, Edwin Budding? Wazo alilipata kwenye mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya yaliyochomoza juu ya vitambaa vya sufu. Tangu siku hiyo kazi yake ni kunyoa, si kuvuna.

Je, wajua roboti ya kukata majani si jambo la jana? MowBot ilitoka Marekani mwaka 1969. Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden, iliyoanza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, ikaleta roboti inayotumia nguvu za jua.

Je, wajua roboti hii haiwezi majani marefu? Chini yake mna vijembe vidogo, mara nyingi vitatu, vyembamba kama wembe. Imeundwa kupunguza ncha tu, kila siku au kila baada ya siku chache. Hapa kwetu mvua ikishakolea Januari, majani hayasubiri mtu. Yakifika magotini, itabidi uyafyeke kwanza kwa kwanja ndipo uiachie roboti ipite.

Je, wajua Ufipa ina msimu mmoja tu wa mvua? Kuanzia Mei hadi Oktoba uwanda hugeuka rangi ya mkate, na majani hayaoti. Nusu mwaka roboti inalala stoo. Betri yake ya lithiamu haijui kwamba imepumzika: inazeeka hata isipotumika.

Je, wajua roboti nyingi, hasa za zamani, hazijui bustani inaishia wapi mpaka uzungushie waya, juu ya ardhi au chini kidogo ya udongo? Jembe moja la palizi likiugusa, kazi imesimama, na kupatafuta palipokatika ni shughuli ya siku nzima. Umeme wa nyumbani ukikatika, waya nao unanyamaza, na roboti inasimama hata kama betri imejaa. Mji wetu wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa. Wenyeji hawahitaji kufundishwa maana ya kukaa gizani.

Je, wajua waya huohuo unaweza kupokea msukumo wa radi iliyopiga jirani ukaunguza mitambo? Ndiyo maana watengenezaji wanashauri kuchomoa kituo cha kuchaji wingu la radi linapokusanyika. Katika masika ya Rukwa utachomoa na kuchomeka hadi uchoke.

Je, wajua aina nyingi za kawaida huishia kwenye mwinuko wa asilimia 35, yaani sentimeta 35 kwa kila meta moja? Majani yakiwa na umande, huteleza hata kabla ya hapo. Mashimo na vichuguu navyo huinasa, ukaikuta inazungusha magurudumu palepale.

Je, wajua vile vijembe hubadilishwa mara kwa mara, na vipya ni vya kuagiza? Linganisha na kwanja: bapa la chuma, ncha imepindwa, mpini wa mti. Likiwa butu unalikandamiza kwa mguu, unapitisha tupa mara kumi, ukingo unang'aa, unarudi kazini. Kwanja moja linaweza kufyeka uwanja wa shule tangu kaka mkubwa yuko darasa la tatu hadi mdogo wake amalize la saba.

Je, wajua ukimya wake ni hatari? Kwa kuwa haipigi kelele, watu huiwasha usiku. Usiku ndio wakati wa kalunguyeye kutoka kutafuta wadudu, naye akiona hatari hakimbii, anajikunja. Mwaka 2021 mtafiti Sophie Lund Rasmussen wa Denmark na wenzake walijaribu roboti 18 kwa kutumia kalunguyeye waliokwisha kufa. Hakuna hata moja iliyomtambua mnyama kabla ya kumgusa, na baadhi zilimjeruhi vibaya. Mwaka 2024 jiji la Köln, Ujerumani, likapiga marufuku kuziendesha usiku. Kalunguyeye wapo Tanzania pia. Fikiria na vifaranga. Fikiria mguu wa mtoto anayetambaa.

Je, wajua kasoro kubwa kuliko zote kwa mtu wa Mpui haimo kwenye mwongozo wa mashine? Roboti haikusanyi majani. Inayasaga vipandevipande na kuyaacha hapohapo yaoze. Kwa bustani ya mapambo hiyo ni sifa, kwani ni mbolea ya bure. Lakini kwetu majani yana kazi zinazoyasubiri: marefu ni paa, mabichi ni chakula cha maksai wavutao plau.

Na je, wajua intumba? Hii ndiyo elimu ya Wafipa juu ya majani. Mvua zikikaribia kuisha, mkulima hukata bonge la udongo pamoja na majani yake, akaligeuza kifudifudi, majani ndani, mizizi juu. Bonge juu ya bonge, mpaka kinasimama kilima cha mviringo, upana wake kama meta moja. Juu yake huweza kupandwa maharage. Ndani, majani yanaoza taratibu. Msimu ukirudi, kilima hubomolewa na kutawanywa, ukapandwa ulezi au mahindi.

Mwenye hoteli yenye uwanja tambarare na umeme usiokatika, roboti itamfaa, nami simzuii. Wewe wa Mpui, kabla hujatoa fedha zako, nenda Novemba kwa jirani anayebomoa intumba. Piga magoti, chota udongo mweusi katikati ya kilima, uufikiche mkononi. Majani ya mwaka jana ndiyo hayo.