Ghafla si bila sababu

Wahenga wamesema ajali haina kinga. Siwapingi wahenga, lakini mto mkavu wa Turkana hunifanya niutazame usemi huo mara ya pili.

Pale Kanamkemer, ubavuni mwa mji wa Lodwar, mito ya msimu kama Kawalase huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watu huchimba visima mchangani, mbuzi hunywa, watoto hucheza. Siku moja mbingu ni safi, jua kali, mara husikika mvumo: maji yamekuja! Kila mtu hunena, "Mafuriko ya ghafla." Kumbe mvua ilikwishanyesha mbali, huko vilimani, saa kadhaa nyuma. Kwa aliye juu jambo hilo halikuwa la ghafla hata kidogo. Ni wa chini tu waliokuwa hawana habari.

Wataalamu wa sayansi nao wana hesabu yao ya jambo lendalo lenyewe, bila ya kusukumwa na nguvu ya nje. Maji kuteremka mlima ni mfano wake. Lakini, mpenzi msomaji, kwenda lenyewe si kwenda haraka. Msumari uliotupwa pwani hushika kutu wenyewe, tena polepole. Hata almasi, katika hali hii yetu ya kawaida, huelekea kugeuka grafaiti, ile iliyomo ndani ya kalamu ya risasi. Ila kwa mwendo ambao hapana mwanadamu atakayeishi auone.

Na sisi watunzi je? Malenga akijibu papo kwa papo ngomani, watu hustaajabu kana kwamba beti zimemwangukia kutoka hewani. Wasiloliona ni ile miaka ya kusikiliza wakubwa, kukariri, kupima mizani na kukosea vina. Mvua yake ilinyesha zamani. Hapo ngomani ni maji tu yanayofika.

Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina shaka. Lakini Mtume (S.A.W.) alitufunza tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali. Turkana, nchi ya ngamia, funzo hilo halihitaji tafsiri. Wingu likionekana kwa mbali, mtoto na mbuzi watoke mtoni. Na simu ya aliye juu iyatangulie maji kumfikia aliye chini. Hapo ajali itakuwa imepata kinga.