Shaba haipindwe kwa goti

Hapa Kisangani joto haina likizo. Mama anayeuza maji ya baridi ku soko, mwenye duka la samaki ya tomsoni, muuguzi anayetunza chanjo kati ya digri 2 na digri 8, hoteli yenye klimatizere ku kila chumba: wote wanategemea tiyo ndogo ya shaba ambayo hawaionaka. Ile tiyo njo inatembeza gazi ndani ya frigo. Siku inapasuka, gazi inatoka, baridi inakwisha, bidhaa inaoza. Fundi anaitwa, anaweka gazi mpya, analipwa, kiisha miezi miwili frigo inakufa tena. Watu wanasema: huyu fundi ni mwizi. Mara nyingi fundi si mwizi. Shida iko ku kona ya tiyo, pale ilipopindwa kwa goti.

Mtaniuliza: wewe mtu wa sendika ya wafanyakazi wa migodi, mambo ya frigo inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni shaba yenyewe. Ya pili ni chombo ya kazi. Tuanze na shaba.

Inatoka kwetu, inarudi na bei

Kule Katanga, wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba mbele Mzungu hajafika. Walitengeneza ile misalaba ya shaba iliyokuwa feza ya kununulia vitu, na wafuaji wa Bayeke walijua kuivuta mpaka inakuwa waya. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Kiisha Gécamines ikarithi, na kati ya 1971 na 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba. Leo inchi yetu ni ya pili katika dunia kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile.

Lakini ile shaba inatoka kwetu ikiwa mabamba. Inapita Kasumbalesa, inafika Dar es Salaam ao Durban, inapanda meli. Ng'ambo wanaigeuza tiyo. Kiisha inarudi kwetu ndani ya kartoni, imeviringwa kama nyoka aliyelala: inapanda mto kutoka Kinshasa zaidi ya kilometre 1,700, ao inakuja na lori kutoka upande wa Uganda, kwa njia ya Beni na Mambasa.

Tufanye hesabu ndogo. Rolo ya metre 15, ya ile tiyo ya milimetre 9.52 ambayo mafundi wanaiita 3/8, ukuta wake milimetre 0.8, iko na uzito wa kilo 3 hivi. Mwaka 2024, tani moja ya shaba ku soko ya London ilikuwa dolari 9,000 na kitu. Basi shaba ya rolo nzima ilikuwa dolari 27 hivi. Sasa nenda ku duka moja ya Makiso, uliza bei ya rolo, kiisha toa 27. Kile kinachobaki njo bei ya kiwanda ya wengine, ya safari, ya ushuru na ya faida ya kila mtu njiani. Kwa hiyo kipande ya tiyo tunayoponda na kuitupa si takataka. Ni jasho ya mchimbaji ambayo tuliiuza bei chini na kuinunua tena bei juu.

Nini inafanyika ndani ya kona

Tiyo ya frigo ni shaba laini. Kiwandani waliichoma kwa moto ili isikuwe ngumu, njo maana unaweza kuifungua kwa mkono. Watu wanawaza: kama iko laini, basi inapindika namna yoyote. Hapana.

Ukipinda tiyo, ukuta wa inje unavutwa na unakuwa mwembamba. Ukuta wa ndani unasukumwa na unatafuta kukunjamana. Katikati iko bure, hakuna kitu ya kuushikilia. Ukivuta kwa goti, ku chupa, ao ku rimu ya kinga, nguvu yote inaanguka ku nukta moja. Tiyo inalala, mviringo unakuwa kama yai, kiisha tak, inavunjika shingo. Pale gazi inapita kwa shida, mafuta ya kompresere hairudi vizuri, na kompresere inafanya kazi ya watu wawili. Inawaka moto mpaka inakufa. Mwenye frigo anaambiwa kompresere ilikuwa mbaya, wakati mbaya ilikuwa kona.

Iko jambo lingine ambalo vijana wengi hawaambiwe. Shaba inakuwa ngumu kila mara unapoipinda. Ukiipinda, ukainyoosha, ukaipinda tena mafasi ile ile, unaiua. Leo haionyeshe kitu. Lakini kompresere inatetemesha tiyo saa zote, na siku moja mstari mdogo kama unywele unafunguka. Ndani ya tiyo za klimatizere za siku hizi, zile za gazi ya R410A, shindo inaweza kupita bar 25, wakati gurudumu ya gari iko na 2 hivi. Hakuna mstari mdogo kwa shindo ya namna hiyo.

Wengine wanajaza mchanga ndani ya tiyo ili isilale. Kwa tiyo ya maji inaweza kwenda. Kwa frigo ni sumu: chembe moja inayobaki inaenda kufunga ile tiyo nyembamba kama sindano, ao inakwangua kompresere. Wengine wanachoma kona na moto ili ilainike. Inalainika kweli, lakini ndani inazaa magamba meusi, na magamba yale yanatembea na gazi.

Mashini ya meno

Dawa iko, na haihitaji umeme. Ni mashini ya mkono ya kupinda tiyo, ile yenye meno ndani. Inafanana kidogo na bastola. Mbele iko na kiatu cha nusu duara chenye mfereji. Tiyo inalala ndani ya ule mfereji. Pembeni kuna mafasi mbili za kuegemea. Ukikamata kishikio, kiatu kinasukuma tiyo katikati ya zile egemeo mbili, kidogo. Ukiachilia, haurudi nyuma, juu jino imekamata. Unakamata tena, inaendelea tena.

Kila mkaaji wa Kisangani anajua ile namna ya meno hata kama hajaona mashini. Ni ile ya kinga ya toleka: ukikanyaga, gurudumu inakwenda, ukirudisha miguu nyuma, unasikia tik-tik-tik na kinga hairudi. Uzuri wake ni kwamba nguvu inakuja kidogo kidogo, sawasawa, na mfereji unashikilia pande za tiyo ili isilale. Na juu inafanya kwa kukamata tu, unaweza kuitumia nyuma ya frigo, ao juu ya ngazi, mafasi ambapo mtu hawezi kufungua mikono miwili mirefu.

Gisi ya kuitumia ni hii.

Kwanza, kiatu kilingane na tiyo. Tiyo ya milimetre 6.35, ile ya 1/4, iko na kiatu yake; ya 3/8 iko na yake. Ukiweka tiyo ndogo ndani ya kiatu kikubwa, mfereji haushikilie kitu, na ni kama umerudi ku goti. Angalia pia zile egemeo mbili: zipangwe kufuatana na kipimo cha tiyo, zote mbili sawa.

Pili, kata tiyo kwa kisu ya magurudumu, si kwa msumeno. Msumeno unaacha unga wa shaba ndani. Funga midomo ya tiyo ili vumbi na maji zisiingie.

Tatu, pima mbele ya kupinda. Hapa njo wengi wanapotea. Kona haifuate mstari mpaka ku pembe, inakata njia. Tuseme kona ya digri 90 yenye nusu-kipenyo ya milimetre 30. Ukipima mpaka ku pembe na kurudi, unahesabu 30 na 30, jumla 60. Lakini tiyo inatembea milimetre 47 tu. Milimetre 13 inabaki. Kwa kona nne, ni zaidi ya santimetre 5 ya ziada. Pale fundi anaanza kusukuma kwa mkono ili iingie, na kule kusukuma njo kunaharibu kazi nzuri yote.

Nne, kamata polepole, na katikati angalia kwa ekere. Shaba inarudi nyuma digri kidogo ukiiachilia, kwa hiyo pitisha kidogo tu. Mashini nyingi za namna hii zinakwenda mpaka digri 90, usilazimishe zaidi. Ukimaliza, fungua jino, rudisha kiatu, toa tiyo bila kuipiga. Kama umekosea digri mbili, ziache, kuliko kuipinda na kuinyoosha mara tatu.

Kona nne, viungo vinane

Fundi asiyekuwa na mashini, na ambaye anaogopa kuponda tiyo, anafanya nini? Ananunua pembe zilizotengenezwa na anaziunganisha kwa moto. Kila pembe iko na midomo miwili. Kona nne, viungo vinane. Kila kiungo ni mlango ambao gazi inaweza kupita. Kwa mashini, kona nne, kiungo sifuri: tiyo moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Feza ya pembe, ya vijiti vya kuunganishia na ya gazi ya moto inabaki ndani ya mfuko.

Na viungo vile vina hatari yao. Nasema hapa kama mtu wa sendika. Frigo nyingi za sasa ziko na gazi ya R600a, na ile inawaka kama gazi ya kupikia. Kuunganisha kwa moto wakati imebaki ndani ni kucheza na kifo. Tena, wakati wa kujaribu kama tiyo inavuja, wengine wanaweka oksijeni kutoka chupa ya kuunganishia. Wandugu, hapana. Oksijeni yenye shindo ikikutana na mafuta ya kompresere, inalipuka. Jaribu kwa azote na povu ya sabuni. Kama azote haiko, ngoja mpaka ipatikane.

Na gazi inayotoka haipotee bure angani. Mapatano ya Montreal ya 1987 yalikataza gazi zinazotoboa ile nguo ya juu inayotukinga na jua. Kwa inchi kama yetu, R12 na ndugu zake zilipaswa kwisha mwanzo wa 2010, na R22 mwaka 2030. Kona nzuri inachunga na hii pia.

Chombo ya wengi

Sasa ile sababu ya pili. Katika migodi tunarudia maneno haya kila siku: mfanyakazi bila chombo analipa kwa mwili wake. Mchimbaji bila kofia analipa kwa kichwa. Fundi wa frigo bila mashini analipa kwa jina lake, maana mteja hamtukane tajiri wa duka ya tiyo, anamtukana fundi. Na mafundi hawa wengi hawako na mwajiri, hawako na sendika, kila mtu na kartoni yake ya vyombo chini ya muti.

Mashini moja, kwa kijana mmoja, ni bei nzito. Lakini likelemba tunaijua wote. Mafundi kumi wa Mangobo ao wa Kabondo wakitoa kidogo kila posho, hawapaswe kununua mashini kumi. Kupinda tiyo ni kazi ya saa moja, si ya siku nzima. Mashini moja na viatu vyake vyote, daftari moja ya kuandika nani ameichukua na nani ameirudisha, na sheria moja: anayeivunja anaitengeneza. Wakinunua rolo pamoja, bei inashuka. Wakiwa kumi, wanaweza pia kwenda kugonga ku mlango wa INPP, ile iliyoundwa mwaka 1964 kwa kufundisha watu kazi, na kuomba mafundisho ya siku chache. Mtu mmoja akigonga, ni mwombaji. Kumi wakigonga, ni kundi.

Na wewe mwenye frigo, uko na sehemu yako. Fundi akimaliza, usiangalie tu kama taa inawaka. Geuza frigo, angalia kona za tiyo. Kona nzuri iko ya mviringo, laini ndani na inje, bila mkunjo, bila alama ya koleo. Ukiona shingo imevunjika, mwombe abadilishe kile kipande mbele ya kuweka gazi. Na ukiona kona nzuri, usimbishanie fundi bei mpaka anakosa kula. Ametoa muda kwa kupima, na ile njo kazi unayolipa.

Shaba yetu inazunguka dunia nzima kwa kufika nyuma ya frigo ya Kisangani. Tuache kuivunja shingo ku metre ya mwisho.